Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Wasikilizaji wangu, mtu aliyewahi kupanda ile njia itokayo Mombo kwenda Lushoto, yenye kona zisizotoa pumziko kwa zaidi ya kilomita 30 na mwinuko wa kadiri ya mita 1,000, hakosi kuyakumbuka magari ya abiria yaliyoegeshwa kando, kiti cha mbele kimeinuliwa, mvuke unapanda, abiria wamejibanza kwenye kivuli cha mti, na utingo anashuka mbio bondeni na dumu tupu mkononi. Aghalabu, kabla dumu hilo halijarudi limejaa, hukumu huwa imekwisha tolewa na watu wasiopungua watatu, nayo ni hii: gasketi imeungua. Katika wasaa huu niliopewa nataka kuzungumza juu ya hukumu hiyo, maana katika maradhi yote ya gari kuukuu silijui jingine linalotajwa upesi kama hilo na kuthibitishwa kwa nadra kama hilo, wala jingine linalomtoa mwenye gari fedha nyingi kwa dhana tupu.

Tulitwae gari moja tulijualo sote, nalo ni Toyota HiAce ya dizeli, ya umbo lile lililotoka mwaka 1989, ambalo baada ya kuitumikia Japani lilivuka bahari likaja kwetu kuwa matatu upande mmoja wa mpaka na daladala upande wa pili, na watu wa Dar es Salaam wakalibandika jina la kipanya. Injini zake mashuhuri ni 2L, yenye sentimita za ujazo 2,446, na 3L, yenye 2,779, na 5L, yenye 2,986. Zote zimewekwa chini ya viti vya mbele, mahali pa joto pasipofikiwa na upepo ila kwa shida, hata dereva wa gari hilo asipotazama geji yake huweza kuhadharishwa na joto la kiti kabla ya kitu kingine.

Gasketi ya hedi, kwa wasioiona, ni bamba jembamba linalobanwa baina ya bloku na hedi, na kazi yake ni kuvitenga vitu vitatu ambavyo vikikutana ni balaa: moto ulio ndani ya silinda, maji yaipoozayo injini, na oili iilainishayo. Katika injini hizi hewa husongwa hata ikawa takriban sehemu moja tu katika 22 za ujazo wake wa kwanza, ndipo dizeli ikapulizwa ikawaka kwa joto la msongo huo peke yake, pasipo cheche. Na nguvu yote hiyo, mara nyingi kila sekunde, huzuiliwa na bamba lisilofika unene wa milimita 2. Si ajabu kwamba siku moja hushindwa. Ajabu ni kwamba husingiziwa kushindwa mara nyingi kuliko lishindwavyo kweli.

Upande wa pili wa bamba hilo yamo maji, nayo hayakuachwa huru. Mfuniko wa rejeta, ambao kwa kawaida umepigwa chapa ya 0.9, huyazuia mpaka msongo wake umezidi ule wa hewa ya nje kwa kadiri hiyo, na kwa hiyo maji ambayo katika sufuria iliyo wazi hapa pwani yangechemka kwa nyuzi 100, ndani ya rejeta huweza kustahimili hata karibu na nyuzi 118. Huko Lushoto sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Basi chukua mfuniko ambao mpira wake umekauka na springi yake imechoka, ulipandishe nao gari lenye abiria waliojaa mpaka mlangoni, nawe utapata mvuke, na dumu, na utingo, na hukumu ile ile, na hali gasketi ni nzima kabisa. Na bei ya mfuniko mpya ni chembe tu ya ujira wa kuifungua hedi. Mfuniko huo una kazi ya pili vilevile, ambayo husahauliwa: injini ipoapo, vali ndogo iliyo katikati yake hufunguka ili maji yaliyokimbilia kwenye kopo la akiba yarudi. Ukiona asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea na kopo la akiba limejaa pomoni, jua kwamba vali hiyo imekwama, na usimwite mtu wa kufungua injini.

Mwenye gari huambiwa gerejini, "Mzee, hii gasketi." Akiuliza, "Umejuaje, fundi?" hujibiwa kwa mshangao, "Si linachemsha, mzee?" Sasa, kuchemsha si ushahidi. Kuchemsha ni malalamiko, na kadhi hakati kesi kwa malalamiko ya upande mmoja. Swali linalopasa kuulizwa ni moja, nalo ni jepesi kulitamka: maji yaliyotiwa jana, leo yako wapi? Ama yamemwagika nje, ama yamepita ndani ya injini yakaungua au yakachanganyika na oili, ama yamesukumwa na kitu kisichokuwa na haki ya kuwamo ndani ya rejeta. Hayana njia ya nne, na kila njia ina athari zake kwa mwenye macho na subira.

Tuanze na nje, na tuanze alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Tena mfuniko usiguswe gari likiwa moto, hata kwa kitambara, hata na mtu ajionaye hodari; maji yaliyozuiliwa juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke dakika ile ile yanapofunguliwa, na nyuso za mafundi wengi zina alama za somo hilo. Likiwa baridi, inua kiti, washa tochi, utafute si maji, bali alama za maji. Kwenye chuma cha moto tone hukauka kabla halijaanguka, na kinachobaki ni ukoko, mweupe ikiwa ni maji matupu, wa kijani au mwekundu ikiwa yana kuleti, yaani ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Tazama chini ya pampu ya maji, ambapo watengenezaji wameacha kitundu kidogo kwa makusudi, ili sili ya pampu ikianza kufa maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Kitundu hicho kikiwa na mchirizi, pampu imekwisha kukuaga. Tazama vizibo vya duara vilivyopigwa ubavuni mwa bloku, hasa vile vya nyuma visivyoonekana ila kwa kulala chini ya gari, kwani hivyo ni vya bati jembamba na hutobolewa na kutu kutoka ndani.

Na hapa niseme jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalikumbuki, kwa sababu hawakuzaliwa nalo. Gari hili lilitengenezwa kwa nchi yenye theluji, na mengi katika hayo yana hita ya pili nyuma, chini ya viti, ya kuwapasha joto abiria. Na maji ya hita hiyo hupelekwa kwa mabomba ya chuma yanayopita uvunguni urefu wa gari. Kwetu hakuna aliyeiwasha hita hiyo tangu gari lishuke melini. Lakini maji yanaendelea kupita humo usiku na mchana, na mabomba yanaendelea kuliwa na tope, na mawe, na chumvi ya hewa ya bahari, mpaka siku moja yanatoboka tundu la sindano mahali ambapo hakuna mtu anayechungulia. Gari likisimama haliachi tone, kwa kuwa tundu hufunguka kwa msongo tu. Likienda, hupuliza mvuke barabarani nyuma ya magurudumu ya mbele, na upepo huufuta ushahidi. Nathubutu kusema kwamba ziko hedi zilizofunguliwa, zikasagwa, zikafungwa upya, na kisa chote kilikuwa bomba la hita isiyotumiwa.

Dawa ya mashaka ya namna hii ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini haiwashwi. Fundi husukuma hewa mpaka kiwango kile kilichopigwa chapa kwenye mfuniko, wala asizidishe, kisha huketi. Mshale ukisimama kwa robo saa, nje hapavuji; ukishuka, huzunguka na tochi mpaka akapaona. Chombo hiki si ghali, na gereji isiyokuwa nacho lakini iko tayari kufungua hedi leo leo ni gereji ya kuaga kwa heshima.

Ikiwa nje ni kukavu, ndipo tuingie ndani, nako kuna mashahidi wa uongo. Wa kwanza ni ule uji mweupe unaoonekana chini ya kifuniko cha kutilia oili. Watu wakiuona hulia kana kwamba wamefiwa. Yamkini ni maji yamepita kwenye oili. Yamkini pia ni unyevu wa hewa tu, kwa gari linalokwenda safari fupi fupi na halipati kupasha oili yake vya kutosha. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa ya chini ni nyeusi na safi, na uji uko juu tu, futa uendelee na mambo yako; ikiwa oili yote imegeuka rangi ya chai ya maziwa na kiwango kimepanda, basi usiiwashe injini hiyo hata mara moja, kwa maana beringi za shafti hazijui kuogelea. Na hata hapo gasketi si mtuhumiwa peke yake, kwa kuwa ziko injini zenye kipoza oili kinachopitiwa na maji, nacho hutoboka.

Shahidi wa pili ni moshi mweupe. Dizeli isiyoungua vema, kwa nozeli mbovu au plagi za kupashia moto zilizokufa, hutoa moshi mweupe unaochoma macho na kunuka mafuta, na moshi huo hupungua injini ikipata joto. Mvuke wa maji hauchomi macho. Hauondoki injini ikipata joto, bali hudumu, na ikiwa ndani yake mna kuleti utausikia una harufu tamu. Tofauti hizo mbili hazihitaji chombo ila pua.

Sasa nije kwa shahidi mkweli, ambaye hana gharama na ambaye ningependa kila dereva amjue. Asubuhi, kabla ya kuwasha, minya kwa mkono mpira wa juu wa rejeta: utakuwa laini. Washa injini, usubiri dakika moja au mbili, uminye tena. Maji hayajapata joto bado, mpira wenyewe ni baridi. Basi ukiukuta umekuwa mgumu, jiulize ugumu huo umetoka wapi. Haukutoka kwa joto, kwa sababu joto halijafika. Umetoka ndani ya silinda: hewa ya moto inapenya kwenye gasketi, au kwenye ufa wa hedi, inaingia katika njia za maji na kuyasukuma kuelekea kopo la akiba, mpaka yakamwagika huko na dereva akadhani yamechemka. Gari la namna hii hupoteza maji bila kuvuja, na jioni likizimwa likalala, kesho yake mpira huweza kukutwa bado mgumu, jambo ambalo maji matupu yaliyopoa hayawezi kulifanya.

Atakaye yakini zaidi afungue mfuniko injini ikiwa baridi, aijaze rejeta mpaka shingoni, awashe na kutazama. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa wakati wa kujaza, nayo huisha. Yasiyokoma, yapandayo kwa mwendo wa injini na kuzidi ikipigwa resi, hayo ni moto wa silinda. Kiko pia kipimo cha majimaji ya buluu, yanayowekwa katika kichupa juu ya shingo ya rejeta, nayo hugeuka kijani au manjano yakipitiwa na hewa iliyoungua. Ila kwa dizeli inayonguruma taratibu moshi huwa na hewa nyingi safi, na kipimo huweza kukaa buluu kwa uongo, hivyo injini ifanyishwe kazi kwanza. Na ukitaka kuijua silinda yenyewe, lisukumie gari msongo kwa ile pampu ya mkono na uliache usiku kucha; asubuhi nozeli zote zitolewe, watu wasimame mbali, stata ipigwe. Silinda itakayorusha maji imejitaja yenyewe. Hedi ikifunguliwa baadaye, pistoni ya silinda hiyo hukutwa imesafika, mvuke umeiondolea masizi yote, na zile nyingine ni nyeusi kama desturi.

Imethibitika, basi. Gasketi imekufa kweli. Hapo ndipo swali linalonikera zaidi huachwa bila kuulizwa: ni nani aliyeiua? Gasketi haifi kwa ajali yake. Aghalabu huuawa na joto, na joto lina mwenyewe. Huenda ni rejeta iliyozibwa na magadi ya maji ya kisima, maana hapa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mombasa na visiwani, tunayo maji mengi ya visima yaliyokolea chumvi, na watu huyatia kwenye rejeta kwa hoja kwamba kuleti ni dawa ya barafu, nasi hatuna barafu. Kumbe kuleti huzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka, ambayo ndiyo haja yetu. Huenda ni feni, ambayo katikati yake ina kiungo chenye mafuta mazito, nacho kikichoka feni huzunguka kivivu, na gari huchemsha kwenye foleni lakini hupoa barabara kuu. Au yamkini ni themostati, au tuseme kukosekana kwake, kwani kwetu imekuwa ada fundi akiiona kuitoa na kuitupa, akidai nchi yetu ni ya joto. Themostati nyingi za injini hizi zina sahani ya pili chini yake, ambayo injini ikipata joto huziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitupa, njia hiyo hubaki wazi daima. Sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta, na mlimani gari huchemsha kwa sababu ile ile ya kutolewa kitu kilichosemwa kwamba kinalichemsha.

Muuaji mwingine ni geji inayoaminiwa kupita kiasi. Kidude kinachopima joto hupima maji yaliyokigusa. Maji yakiisha kabisa hubaki katika hewa, na mshale, badala ya kupanda, huweza kushuka. Dereva hufurahi kwamba gari limepoa. Ukiona mshale uliokuwa juu umeanguka ghafla katikati ya mlima, usifurahi. Zima papo hapo.

Kuhusu matengenezo sitasema mengi, kwa kuwa anayeyafanya anayajua au hayajui, na redio haitambadilisha. Ila mwenye gari ana haki ya kudai mambo mawili. Kwanza, hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji kabla ya kusagwa, kisha ipelekwe kwa wenye chombo cha kuijaza hewa ndani ya maji ya moto, maana hedi za dizeli hupasuka baina ya vali, na ufa huo hauonekani kwa jicho wala hauzibwi na gasketi mpya. Pili, gasketi isinunuliwe kwa jina la injini tu. Katika 2L, na 3L, na 5L, pistoni hujitokeza kidogo juu ya uso wa bloku, na gasketi hutolewa kwa unene tofauti, wenye alama B, D na F, kwa kadiri ya kujitokeza huko. Fundi hupima pistoni kisha huchagua. Muuza duka atakayekuambia zote ni moja anauza alizo nazo.

Na wale wanaotia bizari ya manjano, au yai, au dawa za makopo za kuziba, siwalaumu ikiwa giza limewakuta porini na mji uko mbali. Lakini kinachoziba tundu la rejeta hakichagui. Huziba na njia nyembamba za rejeta, na hita, na hapo umemtengenezea muuaji wa gasketi silaha nyingine.

Kazi ikiisha, maji yatiwe polepole, mfuniko ukiwa wazi, pua ya gari ikiwa imeinuliwa mteremkoni, na vitasa vya hita vikiwa upande wa joto, cha mbele na cha nyuma, ili hewa isijifiche humo. Na themostati mpya iwe imewekwa kile kitundu chake chenye kipini kinachochezacheza kikielekea juu, kwani ndipo hewa ipitapo. Maji yatashuka kidogo kesho yake asubuhi, na yataongezwa. Keshokutwa huenda yakashuka tena kidogo zaidi, nayo ni hewa ya mwisho inayotoka. Yakiendelea kushuka baada ya hapo na mpira ni laini asubuhi, msiirudie hedi. Anzeni kukaza vibano vya mipira, kwa sababu hivyo vyote vilifunguliwa juzi.